Leseni Ukutani, Dozi Mkononi

Kila tarehe 31 Desemba, leseni za maduka ya dawa nchini Uganda humalizika zote kwa mpigo. Famasi yenye milango ya vioo kwenye High Street ya Mbarara na chumba cha bati chenye rafu mbili kule Isingiro vinaufikia mwaka mpya vikiwa na mzigo mmoja: kuomba upya kibali cha kuuza. Anayetoa kibali hicho ni Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ambayo kila mtu anaiita NDA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Ofisi yake ya kanda ya kusini-magharibi iko Mbarara, na maduka yaliyomo ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako chini ya macho ya ofisi hiyo.

Katika sura hii nataka kumfuata mkaguzi wa dawa tangu mlangoni hadi kwenye jokofu, nieleze anatafuta nini na kwa nini. Nataka pia kusema bila kuficha ni wapi naona ukaguzi wenyewe unaishia njiani. Rafu zinakaguliwa, vyeti vinakaguliwa, sakafu inakaguliwa. Maneno anayoambiwa mgonjwa anapokabidhiwa dawa, ambayo ndiyo yatakayoamua kama atapona, mara nyingi hayana mtu wa kuyasikiliza.

Kwanza tutofautishe maduka. Kisheria Uganda ina famasi na ina duka la dawa, na hivyo ni vitu viwili. Famasi lazima isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, mtu mwenye shahada, na inaruhusiwa kuuza hata dawa zinazohitaji karatasi ya daktari. Duka la dawa linaendeshwa na muuguzi, mkunga, tabibu au fundi wa dawa, nalo linaruhusiwa dawa za kundi C tu: za maumivu, za minyoo, za malaria isiyo kali, na nyingine za aina hiyo. Antibayotiki nyingi hazimo. Sindano hazimo. Nia ya sheria ilikuwa kwamba duka la dawa lizibe pengo pale ambapo famasi haijafika.

Na Mbarara famasi zimefika. Mji huo, uliopandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, una hospitali ya rufaa ya mkoa na una chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST, kilichoanzishwa 1989, ambacho kinafundisha wafamasia papo hapo. Kijana anayehitimu pale hana sababu kubwa ya kwenda kuishi kilimani. Ukiliacha jiji na kushika barabara ya Isingiro, wafamasia wanapungua kijiji kwa kijiji, na ukifika Nakivale unabaki na maduka ya dawa, pamoja na vyumba vingi vilivyoandikwa “kliniki” ambavyo havina leseni ya kuwa kliniki wala ya kuwa duka.

Nakivale ilianzishwa 1958 na kutangazwa rasmi kwenye gazeti la serikali 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia machafuko ya kwao. Leo ina zaidi ya watu 150,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengine, wamegawanyika katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Mwenyeji wa Isingiro anazungumza Kinyankole, karatasi za serikali zimeandikwa Kiingereza, na kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa kiko Kiingereza na pengine Kifaransa. Mambo haya yakae kichwani mwa msomaji, maana tutayahitaji.

Vituo vya afya vipo, na matibabu humo ni bure. Lakini foleni ni ndefu, na dawa zikiisha, zimeisha. Mgonjwa anapewa jina la dawa kwenye karatasi na kuelekezwa nje. Hapo ndipo duka la dawa linapogeuka kuwa hospitali ya watu wengi, na anayesimama nyuma ya kaunta anaitwa “dokta” hata na wazee.

Mkaguzi anapoingia, jicho lake la kwanza linakwenda ukutani. Leseni lazima ibandikwe pale ambapo mteja anaiona, pamoja na cheti cha msimamizi. Jina la kwenye cheti lazima liwe la mtu aliye dukani, na hapa ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Katika Afrika Mashariki nzima wanaufahamu mchezo wa kukodi cheti: mtaalamu anaishi mji mwingine, analipwa kitu kidogo kila mwezi, na cheti chake kinaning’inia ukutani mwa duka ambalo halitembelei. Anayeuza ni mpwa wa mwenye duka aliyemaliza shule juzi. Mkaguzi mzoefu haishii kwenye kusoma cheti. Anamuuliza aliyepo swali dogo la kazi, kwa mfano kipimo cha paracetamol kwa mtoto wa kilo 10, na kutokana na jibu anajua amesimama mbele ya nani.

Kutoka ukutani anashuka kwenye jengo. Dari lipo, au bati limeachwa wazi? Bati saa saba mchana linageuza chumba kuwa tanuri, na dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Sakafu inafutika? Kuna maji ya kunawa mikono? Kuna kipimajoto ukutani, na daftari la kuandika joto asubuhi na jioni? Daftari hilo linasema mengi. Likiwa na nyuzi 24 kila siku ya mwezi, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mkaguzi anajua limejazwa jana usiku.

Jokofu lina habari zake. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8. Oksitosini, sindano inayozuia mama asitokwe damu kupita kiasi baada ya kujifungua, nayo inataka ubaridi huohuo, na joto linaiharibu bila kuibadilisha rangi wala harufu. Mama anaweza kuchomwa maji matupu na mkunga asijue. Kwa hiyo mkaguzi akifungua jokofu na kukuta chupa za soda, hakatazi soda kwa ukali wa bure. Jokofu la soda hufunguliwa mara 50 kwa siku, na kila likifunguliwa joto linapanda. Umeme ukikatika, au betri ya sola ikichoka usiku, nani alikuwepo kuona? Swali hilo huulizwa mara chache, na lingepaswa kuulizwa kila mara.

Kisha zinakuja ankara. Kila boksi lililoko kwenye rafu linapaswa kuwa na karatasi inayoonyesha limenunuliwa kwa muuzaji wa jumla mwenye leseni. Mtu wa nje anaweza kuona huu ni usumbufu wa kiofisi. Mkongomani wa Nakivale aliyetoka Ituri anaweza kumweleza tofauti. Mwishoni mwa 2014 na kuendelea hadi 2015, watu kaskazini-mashariki mwa Kongo walianza kufika vituo vya afya shingo zimekakamaa, nyuso zimepinda, ndimi zimetoka nje. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Madaktari Wasio na Mipaka walifuatilia, vidonge vikapelekwa maabara, na ikagundulika kwamba vilivyouzwa kama diazepam vilikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, kwa kipimo kikubwa. Mamia ya watu walidhurika, wakiwemo watoto wadogo, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa tahadhari kwa kanda nzima. Vidonge vile vilipita mikononi mwa wauzaji wengi kabla ya kumfikia mgonjwa. Kama kila mmoja wao angetakiwa kuonyesha ankara, mnyororo ungekatika mahali fulani. Uganda yenyewe ilipata somo lake 2018, ilipogundulika chanjo bandia ya homa ya ini ya aina B, na tahadhari ya WHO ikatolewa tena.

Muuza duka mdogo wa Nakivale ananunua vipi? Kwa kawaida anapanda gari kwenda Mbarara, ananunua kidogokidogo, anarudi na boksi kwenye mapaja. Au anamngoja mchuuzi mwenye begi anayepita na bei nafuu. Yule mwenye begi hatoi ankara. Ndiyo maana, katika kazi zote za mkaguzi, kudai ankara naiona kuwa ya haki kuliko zote, na mahali pa kuwa mkali ni hapo.

Mkaguzi anaangalia pia muhuri. Dawa za serikali ya Uganda, zinazosambazwa na Bohari Kuu ya Taifa ya Dawa, hupigwa chapa kuonyesha kwamba haziuzwi. Chapa hiyo ikionekana kwenye duka la mtu binafsi, kesi imeshaanza. Anaangalia tarehe za mwisho wa matumizi, na anauliza zilizopitwa na wakati zimewekwa wapi: zinapaswa kutengwa, kuandikwa wazi kwamba haziuzwi, na kuteketezwa kwa utaratibu. Katika famasi anafungua daftari la dawa zinazodhibitiwa, zile za kulevya, ambamo kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa na jina la aliyepokea.

Kuhusu daftari hilo, Mbarara ina jambo la kujivunia. Tangu 1998 jiji hilo lina tawi la Hospice Africa Uganda, taasisi iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993 kwa ajili ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa wa saratani na wengine walio karibu na kufa. Mofini ya maji wanayoitumia ni dawa kali, na nchi nyingi zimeifungia mbali na wagonjwa kwa hofu ya uraibu. Uganda ilifanya kinyume: mwaka 2004 ikabadilisha kanuni ili wauguzi na matabibu waliosomea huduma hiyo waruhusiwe kuiandika. Udhibiti haukulegezwa, madaftari yalibaki na hesabu ilibaki. Lakini dawa ilimfikia mgonjwa nyumbani kwake. Kwangu huo ni ushahidi kwamba kanuni inaweza kuandikwa kwa kumtazama mgonjwa kwanza, na usalama usipotee.

Sasa turudi kaunta ya Nakivale, kwenye kitu kidogo ambacho kila mtu amekiona. Mama anafika jioni.

“Dokta, unipe Coartem.”

“Ya mtoto au ya mtu mkubwa, mama?”

“Ya baba watoto. Lakini niko na elfu mbili tu.”

“Basi nikukatie hizi. Ukipata pesa kesho utakuja kuchukua zingine.”

Mkasi unachukuliwa. Pakiti ya Coartem, dawa ya mseto ya malaria, yenye vidonge 24 vilivyopangwa kwa siku tatu, inakatwa. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi zimepigwa chapa kwenye ukingo mmoja tu wa pakiti. Kipande anachoondoka nacho mama hakina ukingo huo. Hakina jina la kiwanda, hakina tarehe, na michoro ya jua na mwezi inayoonyesha saa za kumeza imebaki kwenye boksi dukani. Alichonacho ni karatasi ya kung’aa yenye vidonge vichache. Na kile kipande kilichobaki kwenye rafu kitauzwa kwa mwingine kesho, nacho kikikatwa tena.

Muuzaji hakufanya hivyo kwa ubaya. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba wakimbizi milioni 1 nchini Uganda wameondolewa kwenye mgao wa chakula kwa kukosekana kwa fedha. Mtu anayehesabu shilingi za unga hawezi kununua dozi nzima kwa sababu mkaguzi amesema. Lakini vimelea vya malaria havijali umaskini wa mtu. Dozi ya mtu mzima ni vidonge vinne mara sita: mwanzoni, baada ya saa 8, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ukimeza nusu, homa inashuka, unajiona umepona, na vimelea vigumu zaidi ndivyo vinavyobaki damuni. Mwaka 2020 watafiti walichapisha ushahidi kwamba vimelea vinavyostahimili artemisinini, msingi wa dawa kama Coartem, vimejitokeza Rwanda. 2021 ukafuata ushahidi kutoka kaskazini mwa Uganda. Nakivale iko karibu na mpaka wa Rwanda na inapokea watu kutoka pande zote. Kila pakiti inayokatwa hapo inawahusu watu wengi kuliko yule mama.

Hapa Mbarara inatupa ushahidi ambao ningependa kila mkaguzi wa dawa aujue. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, dawa hii mpya ya mseto ilikuwa na wasiwasi wake: wataalamu waliogopa kwamba dozi sita zenye saa maalumu, tena zinazotaka kuliwa na chakula chenye mafuta, ni ngumu mno kwa mtu wa kijijini kuzimudu bila kusimamiwa. Epicentre, kituo cha utafiti cha Madaktari Wasio na Mipaka kilichopo Mbarara, kikalipima jambo hilo. Wagonjwa 957 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilimeza kila dozi mbele ya mhudumu. Kundi la pili lilimeza ya kwanza kituoni, likaelezwa vizuri namna ya kumeza na nini cha kula, likaenda nyumbani na dawa zake. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet 2005: baada ya siku 28, waliopona katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 97.7, na katika kundi la pili asilimia 98.

Walioachiwa dawa mikononi walipona sawasawa na waliolindwa. Walikuwa na dozi kamili na walikuwa wameelezwa, basi. Katika nchi ya Ankole, iliko Mbarara, ambako gilasi ya maziwa haiko mbali na mtu, kumwambia mgonjwa “meza na maziwa” ni ushauri unaofuatika, na mafuta ya maziwa ndiyo yanayoisaidia lumefantrini, kiambato kimojawapo cha dawa hiyo, kuingia damuni. Utafiti huo ulifanyika mwendo wa gari tu kutoka kaunta za Nakivale.

Miongozo inalijua hili. Mwaka 2011 WHO na Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia walitoa mwongozo wa pamoja wa utendaji bora wa famasi, na ndani yake kumpa mgonjwa maelezo kamili ni sehemu ya kazi yenyewe, sawa na kuhesabu vidonge. Uingereza, ambako Baraza Kuu la Famasi hukagua kila famasi kwa vigezo vitano, yaani usimamizi, watumishi, jengo, huduma na vifaa, wakaguzi tangu Aprili 2019 hufika bila kutoa taarifa, na ripoti ya kila duka huwekwa hadharani, mteja yeyote aisome. Mkaguzi wao hukaa akitazama jinsi mtu anavyohudumiwa. Huko kuna pesa na watu wa kutosha, najua. Lakini kusimama pembeni ya kaunta kwa nusu saa na kusikiliza hakuhitaji mashine.

Na kinachosikika Nakivale ni nini? Dawa inatiwa kwenye bahasha ndogo, juu yake inaandikwa “2×3”. Hakuna neno lingine. Mmoja anasoma vidonge viwili mara tatu, mwingine vidonge vitatu mara mbili. Hesabu ya siku inatoka ileile, ndiyo sababu muuzaji haoni kosa, lakini mwili haufanyi hesabu ya siku. Vidonge vitatu kwa mkupuo vinaweza kuwa vingi mno kwa wakati mmoja, na pengo la saa 12 linaweza kuwa refu mno kwa dawa iliyotakiwa kila baada ya saa 8. Mama Msomali ambaye Kiswahili anakiokoteza, akihudumiwa na Mnyankole ambaye naye Kiswahili anakiokoteza, anatazama ile “2×3” na kutikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa ni heshima, maana dokta hatakiwi kuulizwaulizwa. Mtoto akipewa chupa ya amoksilini ya unga, mama aambiwe maji yawe yamechemshwa na kupozwa, yajazwe hadi kwenye alama, chupa itikiswe, na baada ya siku chache isitumike tena. Hayo ni maneno mengi kwa lugha ambayo humiliki.

Ukaguzi ukifika kwenye duka hilo na kukuta leseni iko ukutani, joto limeandikwa, ankara zipo, duka linafaulu. Mimi nasema limekaguliwa nusu.

Upande wa pili wa shilingi ni maduka yanayofungwa. Operesheni za NDA huja na lori. Maboksi yanapakiwa, kufuli inatiwa, na jina la duka linasomwa redioni. Anayeuza dawa bandia anastahili hilo na zaidi. Lakini katika makazi ya wakimbizi wapo wauzaji wa aina nyingine. Kongo ina wauguzi wa ngazi ya A2 na A1 waliosoma miaka mingi na kufanya kazi hospitalini hadi vita vilipowafukuza. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, ambayo dunia inaisifu kwa haki, inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi, na ya kutumia taaluma yake iwapo vyeti vyake vinatambuliwa na mamlaka husika. Lile “iwapo” ndilo linalowakwamisha. Cheti kiko Kifaransa, au kiliungua na nyumba. Shule iliyokitoa iko kwenye mji unaoshikiliwa na waasi. Kutafsiri, kuthibitisha, kusajiliwa kwenye baraza, kila hatua ina ada na ina safari ya Kampala. Muuguzi huyo anaishia kuuza dawa bila leseni katika chumba anacholala, akijua kazi kuliko mpwa aliyekaa chini ya cheti cha kukodi, na watu wanamwendea kwa sababu anawaeleza kwa Kiswahili cha kwao wakaelewa. Lori likija, dawa zinaingia chini ya kitanda. Likiondoka, zinarudi mezani, safari hii bila ubao nje wala kipimajoto wala mtu wa kuzikagua.

Ipo njia iliyokwisha kujaribiwa, na ilianzia kwa jirani. Tanzania ilikuwa na maduka ya dawa baridi yaliyojaa dawa zisizoruhusiwa, zikiuzwa na watu wasio na mafunzo, kwenye vijiji ambavyo mfamasia hakuwa na mpango wa kuhamia. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya wakati huo, TFDA, ilianza mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Muuzaji alifunzwa na kupimwa. Duka lilikarabatiwa kufikia kiwango. Kwa kubadilishana na hayo, sheria ikamruhusu kuuza orodha fupi ya dawa alizokuwa akiziuza kwa kificho, zikiwemo antibayotiki chache za msingi. Na ukaguzi ukashushwa hadi kata, kwa watu wanaoishi palepale wanaojua nani anauza nini. Dawa ambazo hazijasajiliwa zilipungua kwenye maduka ya Ruvuma kutoka asilimia 26 hadi asilimia 2. Mpango ukaenea nchi nzima, na baadaye Uganda ikaujaribu wilayani Kibaale.

Kilichofanya kazi Ruvuma ni kwamba mkaguzi alikuja akiwa na kitu cha kutoa, si cha kuchukua tu. Muuzaji alikuwa na sababu ya kumfungulia mlango. Nakivale ingeweza kupata mpango wake: muuguzi mkimbizi apewe mtihani wa vitendo badala ya kudaiwa karatasi iliyoungua, akifaulu, apewe kibali cha mwaka mmoja chini ya usimamizi wa mfamasia wa Mbarara anayefika kweli, orodha ya dawa iwe fupi, ankara zidaiwe bila huruma. Wanafunzi wa famasi wa MUST wanahitaji mahali pa kujifunzia. Msaidizi wa mkaguzi wa wilaya yupo tayari Isingiro. Na kila kijiji cha makazi kina wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao wakimbizi, wanaozungumza Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au Kisomali tangu utotoni. Wakitembea na mkaguzi, anapata masikio.

Ningeomba jambo moja liongezwe kwenye fomu ya ukaguzi kesho asubuhi, kabla hata ya sheria kubadilishwa. Mkaguzi akimaliza na rafu, atoke nje na mhudumu wa kijiji, wasimame mlangoni, na wamuulize kila mteja anayetoka, kwa lugha ya nyumbani kwake: “Dawa hii utaimezaje?” Wateja kumi wanatosha. Wanaojibu sawa wahesabiwe, na idadi yao iandikwe kwenye ripoti ya duka, karibu na joto la jokofu.